Kutoka Ukumbi wa Ibada hadi Ukumbi wa Dansi: Historia ya Muziki wa Soul

Mwezi Novemba 1969 watawala wa mji wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za dansi za mji huo. Amri hiyo ilifuata Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 na kuanza kutekelezwa Januari 1969, ambayo ililenga sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kung'arisha ngozi. Muziki wa soul ulihesabiwa katika kundi hilo hilo, kitu cha kigeni kinachopotosha vijana. Si nia yetu kuwahukumu wazee wetu wale. Nchi ilikuwa changa, na shauku yake ya kuwa na sura yake yenyewe ilikuwa ya haki. Lakini upo ukweli mmoja ambao ni rahisi kuusahau, nao unatuhusu sisi watumishi wa Kanisa kuliko mtu mwingine ye yote. Muziki ule uliofukuzwa katika kumbi za Dar es Salaam ulikuwa umezaliwa kanisani. Wengi wa waimbaji wake wakuu walikuwa watoto wa wachungaji, na kabla ya watawala wa mji wetu kuufukuza dansini, wachungaji wa kwao walikuwa wamekwisha kuufukuza ibadani.

Tunaandika makala haya kwa sababu swali lenyewe halijafa katika sharika zetu. Mwanafunzi anayetumwa usharikani kwa mafunzo ya vitendo hulikuta kabla hajamaliza majuma mawili: kwaya ya vijana imenunua gita za umeme, mzee mmoja wa kanisa amesimama baada ya ibada na kuuliza kama wimbo ule ulikuwa wa Bwana au wa baa, na mchungaji anatazamwa na pande zote mbili. Jambo la nyumba yako pengine huonekana vizuri zaidi ukilitazama katika nyumba ya jirani. Kwa hiyo tunamwomba msomaji afuatane nasi hadi Marekani, katika makanisa ya Wamarekani Weusi, tuone jinsi wimbo ulivyotoka mlangoni na nani aliufungulia mlango.

Waafrika wa kwanza walifikishwa Virginia mwaka 1619, na utumwa haukukomeshwa kisheria katika Marekani yote hadi mwaka 1865. Katika muda huo wa karibu miaka 250 watumwa walizuiwa kusoma katika majimbo mengi ya kusini, na ibada zao zilitazamwa kwa mashaka. Kwa hiyo waliabudu pia kwa siri, usiku, msituni na mabondeni. Wengi hawakuwa na vitabu vya nyimbo. Kiongozi alitamka mstari, kusanyiko likaupokea na kuuvuta kwa sauti ndefu, kila mmoja akiupamba kwa namna yake. Jambo hili msomaji wetu hahitaji kuelezwa sana, kwa maana ndiyo namna ile ile ya mwimbishaji na waitikiaji tunayoijua ngomani, katika kulima kwa ujima na misibani. Hivyo zikazaliwa nyimbo za rohoni za watumwa, ambazo zilisikika kwa upana pale wanafunzi wa chuo cha Fisk huko Nashville walipoanza safari zao za kuimba mwaka 1871, wakichangisha fedha za kukiokoa chuo chao kisifungwe.

Kando ya nyimbo hizo ikakua nyingine, bluzi, ya mtu mmoja na gita lake, akieleza njaa, jela, safari na mapenzi yaliyovunjika. Watu wa kanisa waliiita muziki wa Ibilisi. Hata hivyo aliyeiimba Jumamosi usiku mara nyingi ndiye aliyeketi kanisani Jumapili asubuhi, na koo lilikuwa moja. Kisha, baada ya uamsho wa Mtaa wa Azusa huko Los Angeles mwaka 1906, yakaenea makanisa ya Kipentekoste, hasa Kanisa la Mungu katika Kristo chini ya Charles H. Mason huko Memphis. Haya yaliingiza ibadani ngoma, matari na gita, yakitoa ushahidi wa zaburi ya mwisho katika Biblia, ambayo haitofautishi chombo kitakatifu na kisicho kitakatifu. Wabatisti na Wamethodisti wa mijini, waliopenda utulivu, waliwacheka. Tangu miaka ya 1910 hadi mwaka 1970 Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 walihama kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi, wakibeba dini yao ya kijijini hadi Chicago, Detroit na New York. Huko walikuta sharika za watu wa rangi yao zilizojengewa mahekalu makubwa, zenye kwaya zilizofundishwa kuimba kazi za watunzi wa Ulaya noti kwa noti. Mhamiaji aliyezoea kupaza sauti Roho akimgusa alitazamwa kwa haya. Ugomvi wa kwanza juu ya muziki, basi, ulikuwa ndani ya kanisa lenyewe, kati ya waliotangulia mjini na ndugu zao waliotoka shamba.

Mtu aliyeubadili ugomvi huo aliitwa Thomas A. Dorsey. Alizaliwa mwaka 1899 huko Villa Rica, Georgia, baba yake akiwa mhubiri wa Kibatisti. Alipokuwa kijana aliicha njia ya baba yake akawa mpiga piano wa bluzi, akajulikana kwa jina la Georgia Tom, akamsindikiza mwimbaji mashuhuri Ma Rainey, na mwaka 1928 akatoa pamoja na Tampa Red santuri iliyouzika sana ambayo maneno yake hatuwezi kuyataja katika jarida hili. Ndiye huyo huyo aliyeanza kutunga nyimbo za injili zenye mwendo wa bluzi na kuzunguka nazo makanisani Chicago, akiuza karatasi za nyimbo kwa senti chache. Mara nyingi alifukuzwa, na baadaye alisimulia kufukuzwa huko bila uchungu.

Mwezi Agosti 1932 alikwenda St. Louis kuimba katika mkutano wa uamsho. Akiwa huko aliletewa simu ya maandishi kwamba mkewe, Nettie, amefariki akijifungua. Alirudi nyumbani akamkuta mtoto wa kiume yu hai. Na mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Mama na mwana walizikwa katika jeneza moja. Siku zilizofuata Dorsey aliketi kwenye piano akatunga «Take My Hand, Precious Lord», sala ya mtu aliyechoka anayeomba ashikwe mkono, akiuegemeza wimbo wake juu ya tuni ya zamani ya karne ya 19. Hatujui wimbo mwingine wa karne ya 20 uliokwenda mbali zaidi ya huo katika makanisa ya watu weusi wa Marekani. Martin Luther King aliupenda. Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, muda mfupi kabla ya risasi kumpata, alikuwa akimwomba mpiga muziki mmoja aupige katika mkutano wa usiku ule. Mahalia Jackson aliuimba mazishini kwake.

Tunalikazia tukio hili kwa sababu linatufundisha jambo kuhusu malighafi ya wimbo. Vidole vilivyoipiga sala ile vilifundishwa katika kumbi za ulevi. Dorsey hakujifunza namna nyingine ya kuomboleza alipofiwa. Alitumia ile aliyokuwa nayo, na kanisa lililomfukuza likajikuta likilia kwa wimbo wake. Mwaka 1933 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa umoja wa kitaifa wa kwaya za injili, na akaongoza kwaya ya kanisa la Kibatisti la Pilgrim huko Chicago kwa miaka mingi sana. Alifariki mwaka 1993.

Wakati Dorsey anaiingiza bluzi kanisani, wengine walianza kuutoa wimbo wa kanisa nje. Sister Rosetta Tharpe, binti wa mwinjilisti wa Kanisa la Mungu katika Kristo, aliupiga muziki wa injili kwa gita katika Cotton Club ya New York mwaka 1938, mbele ya watu wenye vinywaji mikononi. Waumini wengi hawakumsamehe. Mahalia Jackson, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1911 na kulelewa akisikiliza santuri za bluzi, aliombwa mara nyingi kuimba nyimbo za dunia kwa fedha nyingi, akakataa hadi kufa kwake mwaka 1972. Kwake bluzi ilikuwa wimbo wa kukata tamaa, na injili wimbo wa tumaini, na mtu hawezi kuziimba zote mbili. Hiyo ni hoja ya kitheolojia kamili, nasi tunaiheshimu, ingawa historia iliyofuata haikuifuata.

Biashara ya santuri ilikuwa na namna yake ya kupanga mambo. Gazeti la biashara ya muziki liitwalo Billboard liliorodhesha muziki wote wa watu weusi chini ya jina lililomaanisha santuri za watu wa rangi, kana kwamba rangi ni aina ya sauti. Mwaka 1949 mwandishi wake mmoja kijana, Jerry Wexler, alipendekeza jina jingine, rhythm and blues, yaani mwendo wa ngoma na bluzi, nalo likakubaliwa. Wexler huyo baadaye akahamia kampuni ya Atlantic, iliyoanzishwa New York mwaka 1947 na Ahmet Ertegun, mwana wa balozi wa Uturuki, pamoja na Herb Abramson. Soul, ambalo maana yake ni nafsi, lilikuwa jina la baadaye kidogo. Wapigaji wa jazi walilitumia katika miaka ya 1950 walipotaka kutaja ladha ya kanisa la watu weusi, kisha likawakalia waimbaji. Jina lenyewe, basi, ni la kidini, ingawa wanunuzi wengi wa santuri hawakulifikiria.

Mwezi Novemba 1954 Ray Charles, kijana kipofu wa miaka 24 aliyekulia katika ufukara huko Florida, alirekodi «I Got a Woman» mjini Atlanta kwa ajili ya Atlantic. Wimbo huo ulijengwa juu ya wimbo wa injili uliokuwa ukisikika redioni wakati huo, uliorekodiwa na kundi la Southern Tones, wenye kumtaja Yesu. Ray Charles aliacha mwendo, akaacha piano ya kanisani, akaacha hata vile vilio vya furaha vya mhubiri, akabadili jambo moja tu: mahali pa Mwokozi pakakaa mwanamke. Baadaye aliongeza waimbaji wa kike wamwitikie kama akina mama wa safu za mbele wanavyomwitikia mchungaji. Hasira ilitoka pande zote. Wachungaji walisema amekufuru. Na Big Bill Broonzy, mwimbaji mzee wa bluzi ambaye hakuwa mtakatifu, alilalamika kwamba kijana huyu anachanganya bluzi na nyimbo za rohoni, na kwamba sauti kama ile ingalifaa kuimba kanisani. Tunaona kwamba malalamiko ya Broonzy yana uzito kuliko ya wachungaji. Yeye hakuwa na kusanyiko la kulinda. Alisema tu kile ambacho sikio lake lilisikia, kwamba sala imebebwa ikapelekwa pengine.

Hapa Mlutheri atakumbuka mambo ya nyumbani kwake. Kuna usemi unaorudiwa rudiwa katika semina za vijana kwamba Luther alichukua tuni za vilabuni akazitia kanisani. Usemi huo hauna msingi. Inaelekea umetokana na kutoelewa neno la Kijerumani linalotaja mpangilio fulani wa beti, neno ambalo kwa bahati mbaya linafanana na «baa». Kweli yenyewe ni ya kupendeza zaidi. Wimbo wake maarufu wa Krismasi, ule wa malaika anayeshuka kutoka mbinguni, ulichapishwa mwaka 1535 kwa tuni ya wimbo wa vijana wa kutegeana vitendawili. Mwaka 1539 ukatokea ukiwa na tuni mpya, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Luther mwenyewe. Wengi wa wachunguzi wa nyimbo hueleza kwamba tuni ya kwanza iliendelea kuwakumbusha watu dansi. Kwa hiyo Luther alijaribu, akasikiliza, akarudi nyuma. Lakini pia mwaka 1601 Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa mtu aliyechanganyikiwa akili kwa mapenzi ya msichana, na tuni ile ile, katika karne iyo hiyo ya 17, ikatiwa maneno ya Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Kristo chenye majeraha. Bach akaitumia tena na tena katika Mateso kadiri ya Mathayo. Sharika zetu huiimba Ijumaa Kuu, wala hatujapata kumsikia mzee wa kanisa akiuliza habari za yule msichana.

Ujerumani, basi, wimbo wa mapenzi ulihamia msalabani. Marekani wimbo wa msalaba ukahamia mapenzini. Wepesi wa safari ya kwanza unaturuhusu tusiogope sana mapigo na tuni. Safari ya pili ni ngumu zaidi, na mtu aliyeilipia gharama yake waziwazi ni Sam Cooke.

Alizaliwa Clarksdale, Mississippi, mwaka 1931, mwana wa mchungaji, akakulia Chicago. Akiwa na miaka 19 aliingizwa katika Soul Stirrers, kundi la injili lililoheshimiwa kuliko karibu yote, ashike nafasi ya R. H. Harris, ambaye wengi waliamini hana wa kumrithi. Kwa miaka sita alitembea nchi nzima akiimba makanisani, na wasichana, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa makundi ya injili, walisogea mbele kumtazama. Mwanzoni mwa mwaka 1957 ilitoka santuri ya mapenzi iliyoimbwa na mtu aliyeitwa Dale Cook. Wimbo wenyewe ulikuwa wimbo mmoja wa sifa wa Soul Stirrers uliobadilishwa maneno. Jina la uongo halikumficha. Sauti ile haikuwa ya mtu mwingine. Mwaka huo huo akatoka katika kundi, akaimba «You Send Me» kwa jina lake, ukawa wa kwanza nchini kote. Wasimulizi wa maisha yake wanasema kwamba baba yake, mchungaji, hakumlaani, bali alimwambia kwamba sauti ni kipawa cha Mungu cha kuwafurahisha watu. Wanasema pia kwamba siku moja baadaye, katika tamasha la Soul Stirrers huko Chicago, alipanda jukwaani kuimba na wenzake wa zamani, na watu wakapiga kelele aondolewe yule mwimba bluzi, akashuka analia.

Tunaomba wachungaji wasiipite haraka habari hii. Waliopiga kelele walikuwa watu wa kanisa, na yawezekana kila mmoja wao alikuwa na santuri yake nyumbani. Cooke hakuwa mtu wa mwenendo mwema katika mambo yote. Alikuwa na makosa mazito ya maisha, na tarehe 11 Desemba 1964 alipigwa risasi na kufa katika nyumba ya wageni huko Los Angeles, katika mazingira ambayo hayakumpa heshima. Lakini miaka ile alipokuwa bado anarudi mlangoni mwa ndugu zake, mlango ulifungwa. Katika mfano wa mwana mpotevu sisi watumishi hupenda kujiweka mahali pa baba. Mara nyingi tunasimama mahali pa kaka mkubwa, shambani, tukisikia muziki na kuuliza kuna nini.

Kabla ya kifo chake alikuwa ametoa kitu kimoja kilichoirudisha injili kwa njia nyingine. Mwezi Oktoba 1963, huko Shreveport, Louisiana, alikataliwa chumba katika hoteli kwa ajili ya rangi yake, akateta, akakamatwa na polisi kwa kuvunja amani. Januari 1964 akarekodi «A Change Is Gonna Come». Haumtaji Kristo, na ubeti wake mmoja unaonyesha shaka juu ya kinachomngoja mtu baada ya kifo. Hata hivyo umbo lake ni umbo la maombolezo ya kanisani: taabu inasimuliwa ubeti kwa ubeti, na kila ubeti unaishia katika tumaini lile lile. Mtu aliyeubadili wimbo wa sifa kuwa wa mapenzi alijikuta, wakati wa haki kukataliwa, hana lugha nyingine isipokuwa ile ya usharika wa baba yake.

Habari za kampuni mbili kubwa za miaka ya 1960 zinajulikana sana, nasi tutazigusa kwa ufupi. Berry Gordy alianza Motown huko Detroit mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa ukoo wake, jambo ambalo wanachama wa vyama vyetu vya kuweka na kukopa watalielewa. Aliutengeneza muziki uwavutie pia wazungu, akausafisha vumbi la kanisani kadiri alivyoweza. Stax huko Memphis haikulisafisha. Ilianzishwa na Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, wazungu wawili, katika jumba la sinema lililokuwa halitumiki, na bendi yake ya nyumbani ilikuwa ya watu weusi wawili na weupe wawili katika mji ambamo watu hao wasingaliweza kula meza moja hotelini. Kampuni hiyo iliumizwa kwa mkataba. Stewart alikuwa ametia sahihi karatasi za Atlantic mwaka 1965 bila kuzisoma vema, na Atlantic ilipouzwa ndipo Stax walipotambua kwamba rekodi zao za awali, pamoja na zile za Otis Redding aliyekufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967, si mali yao. Mwaka 1975 ikafilisika. Jumba lake likaja kumilikiwa na kanisa, na mwaka 1989 likabomolewa. Jumba la makumbusho linalosimama hapo sasa lilifunguliwa mwaka 2003. Waimbaji wengi wa wakati ule walifanya kazi bila kujua hesabu zao, na ni wachache, Cooke akiwa mmoja wao, waliomiliki nyimbo zao wenyewe. Kanisa lililotumia nguvu nyingi kuuliza kama nyimbo hizo ni safi lingaliweza pia kuuliza kama malipo yake ni safi.

Lipo jambo jingine la Motown tusiloweza kuliacha. Marvin Gaye, aliyezaliwa Washington mwaka 1939, alikuwa mwana wa mhubiri wa kanisa dogo lenye sheria kali, na nyumbani alipigwa sana. Mwaka 1971 alitoa «What's Going On», santuri nzima inayouliza habari za vita vya Vietnam, umaskini na uharibifu wa mazingira, na kumtaja Mungu bila haya. Wengine wetu tunaiona kuwa sala ndefu ya maombezi. Tarehe 1 Aprili 1984 baba yake alimpiga risasi akamwua nyumbani kwao, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45. Hatuna la kuongeza, ila kwamba katika masomo ya uchungaji tunafundisha mengi juu ya mchungaji na kusanyiko lake, na machache mno juu ya mchungaji na mtoto wake.

Tofauti na hao wote ni Aretha Franklin. Alizaliwa Memphis mwaka 1942, akalelewa Detroit, ambako baba yake, C. L. Franklin, aliongoza kanisa la Kibatisti la New Bethel. Mahubiri ya mzee huyo yalitolewa katika santuri na kutangazwa redioni. Yalianza kwa maneno ya kawaida na kumalizika kwa kuimbwa, mhubiri akipanda ngazi za sauti na kusanyiko likimsukuma. Anayetaka kujua Aretha alijifunza wapi kuimba asikilize kwanza baba yake akihubiri. James Cleveland, ambaye baadaye aliitwa mfalme wa muziki wa injili, aliwahi kuongoza muziki pale na kumfundisha piano. Alipokuwa na miaka 18 binti akaanza kuimba nyimbo za dunia, na baba yake hakumzuia, alimsaidia. Mchungaji huyo, aliyeongoza pamoja na King matembezi makubwa ya haki huko Detroit Juni 1963, hakuona kwamba Mungu anatawala siku ya saba peke yake.

Mwaka 1967, chini ya Wexler, Aretha aliuchukua wimbo wa Otis Redding uitwao «Respect», ambamo mume anayerudi nyumbani na fedha anadai heshima, akaugeuza ukawa dai la mwanamke. Ukashika nafasi ya kwanza nchini. Julai mwaka huo Detroit iliwaka moto katika ghasia zilizoua watu 43, na wengi waliusikia wimbo huo kama dai la watu wote. Kisha, Januari 1972, akiwa katika kilele cha sifa yake, alikwenda kwa usiku mbili katika kanisa moja la Kibatisti huko Los Angeles, na Cleveland na kwaya yake, akarekodi «Amazing Grace». Baba yake alisimama kati ya nyimbo na kulieleza kusanyiko kwamba binti huyu, kwa kweli, hakuwahi kuliacha kanisa. Santuri hiyo ya ibada iliuzwa zaidi ya milioni 2 Marekani, na filamu yake, iliyokaa miaka mingi bila kukamilika, ikaonyeshwa mwaka 2018, mwaka aliofariki. Majuma machache tu baada ya usiku zile mbili alimwimbia Mahalia Jackson mazishini wimbo ule ule wa Dorsey ambao Mahalia alikuwa amemwimbia King.

Tofauti kati ya Cooke na Franklin, kwa maoni yetu, haikuwa katika aina ya nyimbo. Zote zilikuwa za mapenzi, na za Aretha pengine zilikuwa wazi zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikuwa na usharika wa kurudi, na mchungaji aliyekuwa tayari kusema hadharani kwamba huyu ni wetu. Mahalia Jackson bado ana hoja dhidi yetu, kwamba anayeitumia sauti ya sala kumsifu mpenzi hupunguza kitu fulani, na hatudai kwamba tumeijibu. Ndiyo maana tunamalizia na mtu aliyeibeba hoja hiyo mwilini mwake.

Al Green alizaliwa Arkansas mwaka 1946, na inasimuliwa kwamba baba yake, mcha Mungu, alimfukuza nyumbani alipomkuta akisikiliza santuri za kidunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akifanya kazi Memphis na mtayarishaji Willie Mitchell, aliimba mapenzi kwa sauti laini kuliko waimbaji wote wa wakati wake. Oktoba 1974 mwanamke mmoja alimmwagia uji wa moto akiwa bafuni, kisha akajiua kwa bastola. Mwaka 1976 Green alinunua jengo la kanisa mjini Memphis akawa mchungaji wake. Kwa miaka kadhaa alijaribu kufanya kazi zote mbili. Mwaka 1979 alianguka jukwaani katika tamasha, akalipokea kuwa onyo, akaacha nyimbo za mapenzi na kuimba injili tu. Mwaka 2003 alirudi kwa Willie Mitchell wakatoa santuri mpya ya mapenzi, naye akiwa bado mchungaji wa usharika ule ule. Kwa miaka mingi watalii waliofika kanisani kwake Jumapili, wakitumaini kusikia nyimbo za santuri, walikuta ibada ndefu, na mchungaji aliyewauliza kama wameokoka.